Kumwachia Mwanafunzi Kazi Yake

Mwanachuo arudipo kutoka mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hutueleza kwa fahari jinsi darasa lilivyokuwa kimya alipokuwa akisema. Ni mara chache aulizwapo kama watoto wale wangeweza kuuelewa ukurasa unaofuata bila yeye. Swali hilo si dogo. Mtoto amalizaye Darasa la Saba pasipo kuzoea kutafuta maarifa mwenyewe hutaabika akiingia sekondari, na asipoingia hutaabika zaidi, kwa kuwa huko aendako hamna wa kumwandikia ubaoni.

Njia tunayotaka kuieleza ilizaliwa na shida, wala si nadharia. Mwaka 1904 Helen Parkhurst, mwalimu kijana wa Marekani, alipewa shule ya chumba kimoja huko Waterville, katika jimbo la Wisconsin. Watoto walikuwa wa madarasa mbalimbali, na alipolifundisha kundi moja, mengine yalikaa bure. Basi akaanza kuyapangia kazi za kufanya pasipo yeye. Mwaka 1920 mpango wake ulitumika katika shule ya sekondari ya mji wa Dalton, Massachusetts, ukapata jina la mji huo, na mwaka 1922 akatoa kitabu juu yake. Katika Mpango wa Dalton, mwanafunzi alipewa kazi ya mwezi mzima kwa kila somo, akaipokea kama mapatano baina yake na mwalimu. Vyumba vilitengwa kwa masomo badala ya madarasa. Mwanafunzi alichagua aanze na lipi na alipe muda gani, akaonyesha maendeleo yake kwenye kadi yenye mistari. Lakini hakuruhusiwa kuanza kazi ya mwezi uliofuata kabla ya kumaliza masomo yote ya mwezi ule. Uhuru ulikuwa na ukingo.

Ukingo huo ndio tuliousahau sisi. Katika shule moja ya mazoezi tulilipa Darasa la Sita, watoto 52, kazi ya Sayansi ya majuma mawili juu ya maji. Tuliandika maswali kumi na mawili ubaoni, tukagawa vitabu vichache vilivyokuwapo, tukapita katikati ya madawati tukifurahia shughuli iliyokuwapo. Siku ya mwisho tulikusanya madaftari. La mvulana mmoja aliyekaa karibu na dirisha lilikuwa na tarehe na kichwa cha habari tu. Siku kumi za shule alikuwa ameinama, ameshika kalamu, nasi tulimpita kila siku. Tulipomkalisha peke yake tuligundua kwamba hakuweza kusoma swali la kwanza. Kufundisha kwa mhadhara kusingalimsaidia pia, hilo ni kweli. Lakini tulikuwa tumeliita jambo lile uhuru, na kwake lilikuwa kutelekezwa.

Tulipoirudia kazi ile na mkondo mwingine, tuliigawa katika vipande vya siku mbili mbili. Kipande cha kwanza kilisema hivi: “Uliza nyumbani kwenu madumu mangapi ya maji hutumika kwa siku. Dumu moja ni lita 20. Tafuta jumla ya lita, kisha ugawe kwa idadi ya watu wa nyumba. Leta jibu na maneno matatu ya kueleza maji hayo yalifanya nini.” Tazameni jinsi kipande hiki kisivyohitaji kitabu, kisivyonakiliwa kwa jirani, na jinsi mwalimu awezavyo kukisahihisha kwa kutupa jicho. Swali la “Eleza umuhimu wa maji” halina hata sifa moja kati ya hizo.

Ukutani tulibandika karatasi yenye majina yote, na kila amalizaye kipande alijaza mraba wake. Wapo wakufunzi wenzetu wasioipenda karatasi hiyo, wakisema inaaibisha wanyonge. Hoja yao ina uzito. Tangu hapo tumeihamishia ndani ya daftari la mwalimu. La muhimu ni kwamba mwalimu asikae mezani. Ayatembelee kwanza madawati ya wale ambao miraba yao ni mitupu, na amwambie mtoto, “Nisomee swali hili,” wala si “Umeelewa?” kwa kuwa hilo la pili hujibiwa “Ndiyo, mwalimu” na kila mtoto.

Katika andalio la somo, basi, mwanachuo aandike mapema majina ya watoto watano ambao hana hakika na kusoma kwao, na awapitie hao katika dakika kumi za mwanzo. Yule mvulana wa dirishani tulimpa mwenzake wa kumsomea maswali, naye akawa mpimaji wa maji wa kundi lao. Hesabu za lita alizifanya kichwani, upesi kuliko msomaji wake. Kusoma kulichukua muda mrefu zaidi, na kulihitaji mwalimu aketi kando yake kila siku baada ya kengele.