Tumechoka na Glazer, lakini pesa za kikundi ziko wapi?



Mimi ni mkazi wa Umoja Innercore, Nairobi, baba wa watoto wawili, na shabiki wa Manchester United tangu ile fainali ya Barcelona mwaka 1999. Miaka kadhaa iliyopita tulianzisha kikundi cha mashabiki hapa mtaani. Tuko arobaini na kitu, kuanzia Mutindwa hadi Tena. Kila mwezi kila mtu anachanga shilingi mia tatu. Mwenzetu akifiwa tunamfikia, akilazwa tunamsaidia na bili, na Disemba tunagawana kilichobaki. Mimi ndiye katibu.

Tangu tumalize msimu wa 2024/25 tukiwa nambari kumi na tano, vijana wa kikundi wana hasira ambayo sijawahi kuiona. Wanataka tuandamane kutoka Mutindwa hadi Barabara ya Jogoo na mabango ya kuwataka akina Glazer waondoke, halafu tuchome jezi huku tukipigwa picha. Mwenyekiti anawaunga mkono. Isitoshe, amekwisha kuagiza skafu za kijani na dhahabu na fulana nyeusi. Nimegundua malipo ya kwanza yametoka kwenye akaunti ya kikundi, na salio amelikopa kwa jina letu. Nilipomuuliza aliniita msaliti, akasema huu si wakati wa kuhesabu shilingi na timu inakufa. Baadhi ya wanachama wameacha kuchanga. Mama mmoja wa kikundi alifiwa na mumewe juzi, tukashindwa kumpa kiasi tulichozoea.

Mke wangu ananicheka. Anasema Glazer hajui hata Umoja iko wapi. Mimi moyo unaniuma kweli. Je, ni ujinga kuandamana? Na huyu mwenyekiti nimfanyeje?

Katibu, Umoja

*

Katibu, si ujinga. Mtu aliyeipenda timu moja tangu ujana wake ana haki ya kuumia akiiona ikidhoofika mikononi mwa watu wasiomsikiliza. Mkeo amesema kweli kwamba Glazer hakujui kwa jina, ila kwa hesabu anakujua vizuri sana. Mwaka 2019 klabu ilitangaza kwamba utafiti iliouagiza umeonyesha ina mashabiki na wafuasi bilioni 1.1 duniani. Hesabu kama hiyo ndiyo inayowekwa mezani wadhamini wanapoitwa kutia sahihi. Wewe na wenzako wa Mutindwa mmo ndani yake, na hakuna aliyewahi kuwauliza lolote.

Vijana wenu wengi walikuwa watoto wachanga mwaka 2005, kwa hiyo waelezeeni chanzo cha hasira hii. Mei mwaka huo Malcolm Glazer, tajiri wa Florida aliyekuwa na timu ya Tampa Bay Buccaneers, aliichukua Manchester United kwa takriban pauni milioni 790. Sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa ya kukopa, na deni kubwa likaandikwa kwa jina la klabu yenyewe. Klabu iliyokuwa haidaiwi ikajikuta inalipa riba ya mkopo uliotumiwa kuinunua. Ni kama mtu anunue matatu yako kwa mkopo wa benki, deni aliandike kwa matatu hiyohiyo, kisha kila jioni makanga apeleke mapato benki kabla ya kufikiria tairi. Mzee Glazer alifariki mwaka 2014, wanawe wakaendelea. Mei 2024, baada ya mechi na Arsenal, dunia nzima iliona maji ya mvua yakimiminika kutoka paa la uwanja wa klabu, Old Trafford. Shabiki anayeuliza pesa zilikwenda wapi miaka yote hiyo anauliza swali la haki.

Na mashabiki wamelipinga jambo hili kwa kila njia. Mwaka ule ule wa 2005 baadhi ya mashabiki waliondoka kabisa wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester, ambayo kila mwanachama ana kura moja. Mwaka 2010 uwanja ulijaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu ilipozaliwa mwaka 1878. Tarehe 2 Mei 2021 waliingia uwanjani, mechi na Liverpool ikaahirishwa. Machi 2025 waliandamana wakiwa wamevaa nyeusi kabla ya mechi na Arsenal. Ndiko mwenyekiti wenu alikotoa wazo la fulana.

Nikikupa matumaini ya uongo nitakuwa nimekukosea. Miaka ishirini ya maandamano, tena ya watu wanaoishi hatua chache kutoka lango la uwanja, haijaiondoa familia hiyo. Februari 2024 tajiri wa Uingereza, Jim Ratcliffe, alinunua zaidi ya robo ya hisa, lakini kura nyingi zikabaki kwa akina Glazer. Ushindi mkubwa mashabiki walioupata ni wa Aprili 2021, wakati ligi mpya ya matajiri wa Ulaya ilipotangazwa ikasambaratika ndani ya siku chache, hata mmoja wa wana wa Glazer, Joel, akaandika barua ya kuomba radhi. Siku hizo mashabiki hawakuwa peke yao. Wachezaji, makocha, vilabu vingine na serikali ya Uingereza walisimama upande mmoja.

Kwingine shabiki ana nguvu kwa sababu ameandikishwa kuwa mwanachama. Ujerumani kanuni ya ligi inataka wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura katika vilabu vingi. Februari 2024 mashabiki wa huko walirusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki kupinga mwekezaji, na ligi ikauacha mpango huo. Jirani zetu wa Simba, Dar es Salaam, walipoamua mwaka 2017 kumkaribisha mwekezaji, mpango ulikuwa wanachama wabaki na asilimia 51 na Mohammed Dewji achukue 49. Mizozo haijakosekana hapo, hasa ya pesa, ila mwanachama wa Simba anazozana akiwa na kadi yake mkononi. Wewe huna kadi ya Old Trafford.

Sasa tuzitazame hizo jezi mnazotaka kuchoma. Jezi nyingi zinazovaliwa Umoja hazikutoka dukani kwa Glazer. Zimetoka kwenye marobota ya Gikomba au maduka ya jumla ya Eastleigh, nembo imeshonwa ikapinda kidogo, jina la mchezaji Bruno Fernandes limebandikwa mgongoni kwa mashine ya joto na kijana ambaye hapo hapo anauza soksi. Shilingi zako zilimlisha kijana huyo. Ile hamsini unayolipa kwenye kibanda cha mpira, penye ubao wa chaki mlangoni unaotangaza mechi za wikendi na mabenchi yanayoyumba, inamlipia mwenye kibanda kodi ya chumba na ada ya dekoda. Mkisusia, atakayelala njaa ni jirani yenu, na Florida hawatasikia chochote. Mtoto wako naye akiiona jezi ikiungua atajifunza kwamba kitu ukikikasirikia unakitia moto. Jezi zitunzeni.

Kinachowafikia wenye klabu ni jina na idadi. Kama kikundi chenu kina cheti cha usajili, andikeni barua yenye majina na sahihi za wanachama wote kwa muungano wa mashabiki wa Manchester, unaoitwa Manchester United Supporters Trust, na nyingine kwa wadhamini wakubwa wa klabu, mkieleza kwamba nyinyi ni sehemu ya ule umati unaouzwa na hamjaridhika. Haitamwangusha mtu. Lakini itakuwa sauti ya watu waliohesabiwa bila kuulizwa, na haitamgharimu mtu yeyote wa Umoja hata shilingi.

Kuhusu kuandamana, Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinawapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utaratibu wa Umma (Public Order Act) inataka polisi wajulishwe si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla. Haki mnayo. Lakini mimi ningekuwa dada yenu ningewazuia njia ya Jogoo. Tangu maandamano ya Juni 2024 kila mzazi wa Eastlands anajua kwamba kijana anaweza kutoka nyumbani na bango na asirudi. Na kabla ya hapo, tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa kwenye msongamano katika Uwanja wa Nyayo, wakati wa mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, watu waliotoka kwao kwenda kutazama mpira tu. Mkitaka kuonekana, kutaneni siku ya mechi kwenye uwanja wa mtaa mchana, mpige picha na mabango yenu, mtawanyike mkiwa wazima. Sioni jambo lolote la Manchester linalostahili damu ya kijana wa Tena.

Nimekawia kumfikia mwenyekiti, nawe najua ndiye anayekunyima usingizi. Yaandike upande mmoja wa karatasi yale mnayomlaumu Glazer: alikopa, deni akalitia kwa jina la klabu, wenye klabu hawakuulizwa, na pesa zilizohitajika kwa mambo ya lazima zikaenda kwingine. Upande wa pili andika ulichoniambia kuhusu mwenyekiti wenu. Sidhani ni mtu mbaya. Ameshikwa na mapenzi ya timu, akaamini mapenzi hayo yanampa ruhusa. Lakini mama amefiwa na kikundi kimemtazama mikono mitupu, na hilo halikufanywa na mtu wa Florida. Kikundi hiki ndicho klabu pekee ya Manchester United mnayoimiliki. Kila mmoja wenu ana mchango wake ndani na anapaswa kuwa na kura yake.

Hilo neno msaliti lisikutishe. Anayeuliza pesa za wafiwa ziko wapi ndiye anayekilinda kikundi.

Kuna swali moja sina budi kukuuliza, na ulijibu mbele ya wenzako. Akaunti za vikundi kwa kawaida hutaka sahihi za zaidi ya mtu mmoja, na katibu mara nyingi huwa mmoja wao. Pesa zilitokaje? Kama ulitia sahihi karatasi tupu siku moja kwa sababu ulikuwa unakimbilia kazini, sema. Kama pesa zinakaa kwenye laini ya M-Pesa ya mwenyekiti peke yake, basi mlango uliachwa wazi na nyote, na lazima ufungwe.

Mwite mwenyekiti pembeni kwanza, wewe na mweka hazina, mahali pa utulivu, si kwenye kibanda wala kwenye kundi la WhatsApp. Mpe nafasi ya kueleza na ya kurekebisha kabla hajaaibishwa. Skafu zikishafika ziuzwe kwa wanaozitaka, kila mtu atoe mfukoni mwake, na mapato yarudi kwenye akaunti hadi shilingi ya mwisho. Kitakachopungua akilipe yeye kwa awamu mtakazokubaliana na kuziandika. Mkopo usioidhinishwa na mkutano usibebwe na wanachama. Akikataa, kuna ofisi ya maendeleo ya jamii inayosajili vikundi, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza kesi za hadi shilingi milioni moja bila kukulazimu kuwa na wakili. Naomba msifike huko. Mtaa ni ule ule, na mtaendelea kukutana dukani.

Kisha kuna jambo la nyumbani. Katika watu arobaini wa Umoja hamkosi wafuasi wa K'Ogalo na wa Ingwe. K'Ogalo, yaani Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, na Ingwe, yaani Leopards, ya mwaka 1964, ni vilabu vya wanachama, vyenye uchaguzi. Vyote viwili vimewahi kuzuiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya malipo ya watu waliowahi kuvitumikia. Wangapi kati ya vijana wanaotaka kuandamana kwa ajili ya Old Trafford wamejisajili huko, wakasoma hesabu, wakapiga kura? Sikwambii uiache United. Moyo wa mtu hauhamishwi kwa amri. Nasema tu kwamba mwendo wa matatu moja kutoka Mutindwa kuna viongozi wa mpira wanaoweza kuondolewa kwa kura yako.

Na mkeo, msimulie niliyosema kuhusu ile hesabu ya mashabiki bilioni moja, halafu umwonyeshe daftari la kikundi. Nadhani kinachomchekesha ni kukuona unamlilia tajiri wa mbali wakati mchango wa nyumba yake wa kila mwezi hauna maelezo. Ukilisimamia hili la karibu, atakusikiliza na la mbali.

Kabla ya mkutano, wewe na wenzako wawili nendeni kwa yule mama mfiwa. Mwambieni ukweli wote, mpeni kilichopo, na mtaje tarehe ya kumaliza kilichobaki. Kisha itisheni mkutano maalum, na notisi ifikie hata walioacha kuchanga. Fungueni na taarifa ya akaunti iliyochapishwa, kila mtu aishike mkononi. Fuatisheni deni, kisha watia sahihi wapya. Barua ya Manchester na suala la kuandamana viwe ajenda za mwisho, mpige kura, naye mwenyekiti awe na moja kama wengine.