Je, Kukaa Pamoja Miaka Miwili ni Ndoa?

Neno moja lasikika mara nyingi, masokoni Moshi mjini na migombani Kibosho na Marangu vilevile: "Tumekaa miaka miwili, basi mimi ni mke kwa sheria." Neno hili si uongo wote, wala si kweli yote, na wengi wamelia kwa kulitegemea. Yafaa tujifunze sheria yenyewe yasemaje.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, yasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Kifungu cha 160 chaongeza: ikithibitishwa kwamba wawili hao wamekaa pamoja miaka miwili au zaidi, hata watu wakawahesabu kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba walioana kihalali. Angalieni vema neno hilo "itadhaniwa". Dhana si cheti. Dhana yaweza kuvunjwa kwa ushahidi.

Tuchukue mfano. Mwanamke amekaa na mwanamume Moshi mjini miaka tisa. Wamezaa watoto watatu. Yeye huuza ndizi sokoni, na kwa fedha za wote wawili wamejenga nyumba katika kihamba cha baba wa mwanamume, huko mlimani. Siku ya ugomvi aambiwa: "Toka! Mahari yako haikulipwa, wewe si mke." Je, atoke mikono mitupu?

Kwanza, hoja ya mahari peke yake haitoshi. Kifungu cha 41 chasema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa.

Pili, ikiwa mwanamume alikwisha kufunga ndoa ya mke mmoja na mwingine, na ndoa ile ingali hai, dhana huvunjika, maana sheria yamkataza kuoa tena.

Tatu, hata dhana ikivunjika, kifungu kilekile cha 160 chamruhusu mwanamke kuomba mahakamani matunzo yake na ya watoto. Tena Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1994 kwamba mali waliyochuma pamoja yaweza kugawanywa. Na mwaka 1983 ilikuwa imekwisha kusema kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali.

Nne, watoto hawana kosa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya kuzaliwa kwake, au kumnyima manufaa ya mali ya mzazi.

Hivyo mama yule ana pa kushika. Lakini tazameni njia yake ilivyo ndefu: kutafuta mashahidi, kukusanya stakabadhi za mabati na saruji, kwenda na kurudi mahakamani, na siri za nyumba kuanikwa hadharani. Mwenye cheti cha ndoa haulizwi kama ni mke.

Kwa Mkatoliki kuna neno zaidi: dhana ya sheria haifanyi Sakramenti. Hiyo hutaka mapatano ya hiari mbele ya mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili.

Basi, akina baba mnaokaa na mama wa watoto wenu bila ndoa, msingoje siku ya ugomvi. Nanyi wazee wa ukoo, msidai mahari isiyolipika. Mkifanya hivyo mwamwacha binti yenu juu ya dhana, naye angeweza kusimama juu ya haki iliyoandikwa.