Picha ya jamaa ukutani yaweza kumsaidia mzee anayesahau

CHUKUA mfano wa mama mwenye umri wa miaka 78 aliyeletwa Nairobi na mwanawe, baada ya majirani kule mashambani kupiga simu na kueleza kwamba ameanza kupotea njia ya sokoni. Sasa anaishi katika nyumba ya ghorofa ya tatu. Kuta ni nyeupe, dirisha linatazamana na jengo jingine, na wajukuu hutoka alfajiri na kurejea jioni. Kila baada ya muda mfupi huuliza: "Hapa ni kwa nani? Nitarudi kwetu lini?"

Juu ya televisheni ipo picha kubwa ya jamaa yote, iliyopigwa Desemba walipokutana nyumbani, na kuchapishwa kwenye kitambaa kizito cha kanvasi. Wageni huisifu sana. Hata hivyo, imetundikwa karibu na dari, nyuso zake ni ndogo, na tangu iwekwe hakuna aliyewahi kuketi na mama huyo na kuizungumzia.

Msomaji, huenda nawe unayo picha kama hiyo. Juma hili tutaeleza jinsi inavyoweza kumfaa mzee aliyeanza kusahau, na makosa yanayoweza kuifanya imuumize.

Muone daktari kwanza

Kabla ya kununua picha yoyote, mpeleke mzee hospitalini. Watu wengi hudhani kuwa kusahau ni sehemu ya uzee tu. Kuna wengine wanaodai ni kurogwa, na katika sehemu za Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mzee anayetangatanga usiku au kusema maneno yasiyoeleweka anahitaji matibabu na ulinzi, si shutuma.

Yapo maradhi yanayoleta usahaulifu na ambayo yana tiba. Miongoni mwayo ni upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi kufanya kazi kwa ulegevu, na huzuni ya muda mrefu. Baadhi ya dawa pia huweza kumchanganya mzee. Ikiwa akili imevurugika ghafla, kwa muda wa saa chache au siku chache, usingoje. Huenda ni maambukizo, kama vile ya mkojo au ya mapafu, na hali hiyo ni ya dharura.

Kwa nini ya zamani hukaa

Chanzo kikubwa zaidi cha usahaulifu wa uzeeni unaoitwa demensia ni ugonjwa wa Alzheimer. Ulipewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mara ya kwanza mwaka wa 1906. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 57 ulimwenguni waliishi na demensia mwaka wa 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa katika nchi zenye mapato ya chini na ya wastani.

Aghalabu ugonjwa huu hudhuru mapema sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo husaidia kuhifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mgonjwa husahau alichokula asubuhi, ilhali aweza kusimulia vizuri jinsi alivyokuwa akichuma kahawa alipokuwa msichana.

Zamani, mzee aliyependa kuzungumzia mambo ya kale alionekana kuwa ameanza kudhoofika akili. Mwaka wa 1963 daktari wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba kuyakumbuka maisha ya nyuma ni jambo la kawaida kwa mzee na lina manufaa kwake. Tangu hapo wauguzi na madaktari wametumia picha, nyimbo na vifaa vya zamani kuwasaidia wagonjwa kuzungumza.

Je, njia hii inafaa? Mapitio ya Cochrane ya mwaka wa 2018, yaliyokusanya tafiti 22, yalionyesha kuwa manufaa yapo lakini ni madogo, na hutofautiana kulingana na jinsi na mahali inapotumiwa. Kwa hivyo usidanganywe na yeyote kwamba picha hutibu. Kazi yake ni kumpa mzee jambo la kusema, na kuwapa jamaa sababu ya kuketi naye.

Chagua picha ifaayo

Wengi hupendelea picha yenye watu wote. Hebu tupige hesabu. Kanvasi yenye upana wa sentimita 90 ikiwa na watu 40 waliojipanga safu tatu, kila mtu hupata nafasi ya sentimita 7 hivi, na uso wake haufiki sentimita 3. Mzee mwenye mtoto wa jicho hawezi kuutambua akiwa kwenye kiti chake. Picha ya watu wanane katika safu mbili humpa kila mmoja nafasi ya sentimita 22, yaani mara tatu zaidi. Basi picha ya watu wote iwepo, lakini iongezewe nyingine za kila mji peke yake.

Usisahau picha za kale. Mgonjwa aliyekwisha kusahau miaka ya karibuni huenda asimtambue mwanawe akiwa na mvi, lakini akamtambua mara moja katika picha ya shule ya msingi. Ziweke pamoja: huyu mtoto wa kaptura ndiye huyu baba wa leo.

Kanvasi ina faida moja kubwa kwa mzee. Haina kioo, hivyo haimuliki machoni wala haionyeshi kivuli cha mtu apitaye. Mgonjwa wa demensia aweza kushtushwa na sura yake mwenyewe kwenye kioo akidhani ni mgeni. Kadhalika, kanvasi ni nyepesi, na ikianguka hakuna vigae vya kumkata mtu.

Unapoagiza, zingatia mambo haya:

- Peleka picha asili kutoka kwa simu au kamera. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na ikikuzwa nyuso huwa na ukungu. Kwa kanvasi ya sentimita 60 kwa 90, picha yenye nukta zipatazo 3,500 kwa 5,300 itatoka vizuri.

- Uliza ni sentimita ngapi zitakazokunjwa ubavuni mwa fremu ya mbao. Mara nyingi ni 3 hadi 5 kila upande. Shangazi aliyesimama pembeni kabisa aweza kujikuta amekunjwa nyuma, na kila atakapokuja atadhani aliondolewa makusudi.

- Omba karatasi isiyong'aa ikiwa huwezi kumudu kanvasi. Nyuso zikionekana vyema, mzee atafaidika vivyo hivyo.

Mahali pa kuitundika

Kaa kwenye kiti cha mzee, kisha utazame. Mahali macho yako yanapoangukia ndipo pa kuitundika. Kwa mtu aketiye, katikati ya picha iwe kama sentimita 120 kutoka sakafuni. Chini yake andika majina kwa herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe: jina na uhusiano, kwa mfano "Wanjiru, binti yako".

Epuka ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja kwani rangi zitapauka. Epuka pia karibu na jiko. Kwa wakazi wa Mombasa na miji mingine ya pwani, acha hewa ipite nyuma ya fremu ili kuvu isiote. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, si kwa maji.

Mzee akianza kuwaogopa watu walio pichani, au akiwaandalia chai akidhani wapo sebuleni, usimcheke wala usibishane naye. Iondoe picha hiyo kwa muda, na umweleze daktari.

Usimfanyie mtihani

Hili ndilo kosa kubwa tufanyalo. Mjukuu humshika mkono mzee, akanyoosha kidole na kuuliza: "Nyanya, unamkumbuka huyu? Jina lake nani?" Nyanya akikosa jibu, huona aibu, naye mjukuu hurudia kwa sauti ya juu zaidi. Baada ya siku chache mzee hukataa hata kuitazama picha.

Anza wewe kumpa habari: "Nyanya, hapa tulikuwa nyumbani siku ya Krismasi. Huyu ni Shangazi Wanjiru, ndiye aliyepika ule mchuzi wa mbuzi." Kisha nyamaza na umpe nafasi. Akisema jambo, hata kama si sahihi, mfuate alikoelekea. Akikueleza kuhusu mbuzi wa babake badala ya Krismasi, hiyo ndiyo hadithi ya siku hiyo. Tumia lugha yake ya mama, kwani huenda ndiyo itakayodumu zaidi. Dakika 15 au 20 zatosha, akichoka, acha.

Waliofariki

Picha za jamaa mara nyingi huwa na watu waliokwisha kutangulia. Mzee akiuliza, "Mzee wangu yuko wapi?", usimwambie kila mara kwamba mumewe alikufa. Kwake huwa ni matanga mapya kila siku. Mgeuzie mazungumzo kwa upole: "Unamuwaza Babu leo. Alikuwa mtu wa namna gani?" Akikuuliza waziwazi kama mumewe amefariki, usimdanganye. Mwambie kwa maneno machache, ukae naye. Picha ikimliza kila aionapo, iweke mahali pengine.

Andika majina mapema

Jamaa wengi hukutana mara moja kwa mwaka, na wengine ni kwenye harusi au matanga pekee. Mkikutana tena, piga picha kukiwa bado na mwanga, wazee wakiwa wameketi mbele na jua likiwa nyuma ya mpiga picha. Siku hiyo hiyo andika jina la kila mtu.

Toa pia zile picha za kale zilizomo kwenye sanduku la mzee, umuulize majina angali anayajua. Katika nyumba nyingi ni yeye pekee anayejua yule kijana mwenye kofia alikuwa ndugu wa nani. Akishasahau, mtabaki na picha nzuri ya watu msiowajua.