Mgonjwa Anayeogopa Kuinama: Mwongozo kwa Wafiziotherapia

Mwongozo huu unahusu mgonjwa aliyeumwa mgongo kwa zaidi ya miezi mitatu, ambaye sasa anakwepa kuinama au kunyanyua kitu kwa kuhofia kujidhuru.

Kwanza hakikisha hofu yake haina sababu ya kweli. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kukojoa au kuzuia haja, na miguu kuishiwa nguvu ni dharura ya siku hiyo hiyo. Homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, au kuwahi kuugua saratani au kifua kikuu: mpeleke kwa daktari kabla ya mazoezi yoyote.

Kisha tumia dodoso la kupima hofu ya kujongea. Linalotumika sana ni la Tampa, lililotungwa Marekani mwaka 1991. Lina kauli 17, kila moja alama 1 hadi 4, na jumla ni kati ya 17 na 68. Kauli za 4, 8, 12 na 16 zimeandikwa kinyume. Alama zake zigeuzwe kabla ya kujumlisha, la sivyo jumla haina maana. Anayepita 37 huhesabiwa kuwa na hofu kubwa, lakini usiisome namba hiyo kama kipimo cha malaria, kwamba ama anayo ama hana. Asiyejua kusoma asomewe na mhudumu, si na mumewe wala mwanawe.

Jumla haisemi anaogopa nini hasa. Weka ndoo tupu sakafuni na, kabla hajaigusa, muulize: "Ukiinama kuiokota, unadhani kitatokea nini?" Anayejibu "nitasikia maumivu" na anayejibu "pingili itachomoka" hawahitaji maelezo yaleyale. Apime hofu yake kwa 0 hadi 10, kisha ainame. Mtazame: anabana pumzi? Anatangulia kushika kiuno? Akishainuka, muulize kama alichokitarajia kimetokea, na uandike majibu yote kwa maneno yake.

Uliza pia nani alimtia hofu. Mara nyingi, tuseme ukweli, ni sisi wahudumu. "Pingili zimesagika, usiiname tena," huku picha ya eksirei imeinuliwa kwenye mwanga, ni maneno ambayo mgonjwa huyabeba miaka mingi, ingawa mabadiliko hayo huonekana hata kwa watu wasioumwa popote.

Usidanganyike na anayeendelea na kazi. Mama lishe huogopa na bado akainua sufuria, kwa sababu kodi ya meza inadaiwa. Hofu yake itafute alikoweza kuacha: hafui tena kwa kuinama, hambebi mjukuu, anaswali kitini badala ya kusujudu.

Rudia kipimo baada ya wiki nne hadi sita. Alama zikishuka lakini bado anaswali kitini bila sababu nyingine, andika kwamba hofu ingalipo.