Eneo la Kale Mwihoko: Tafuta Kinga Kwanza, Pesa Baadaye

Anayeishi Mwihoko, Ruiru, anajua mwendo wa tingatinga. Shamba la juzi leo ni ghorofa, na mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, uliokuwa mpakani umegeuka makaa. Kwa hiyo ukitaka serikali ilinde mahali pa kale mtaani, usianze kwa kuomba fedha. Bajeti huzunguka mwaka mzima. Tingatinga lahitaji asubuhi moja tu. Omba kwanza kinga ya sheria.

Kinga hiyo imo katika Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006. Waziri, akishauriana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, anaweza kutangaza mahali au jengo kuwa mnara wa kihistoria kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Wengi hudhani lazima pawe pakongwe kama magofu ya Gedi. Sivyo. Sheria inakubali jengo la umri wowote mradi lina thamani ya kihistoria au kitamaduni. Kwa hiyo mabaki ya reli ya Nairobi hadi Thika, iliyofika Thika mwaka 1913, au kijiji walimofungiwa watu wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, vyote vinaweza kuombewa. Na ukichimba msingi ukakuta kitu cha kale, una siku saba kuwaarifu Makavazi. Fundi wako aambiwe hilo mapema, maana yeye ndiye atakayekiona kwanza.

Kazi kubwa ni faili. Chukua mfano wa mugumo wa Thika. Kila mtu eneo hili anajua masimulizi ya mtabiri Mugo wa Kibiru: kwamba siku mti ule ungeanguka, utawala wa Mwingereza ungekoma, na kwamba wakoloni waliufunga vyuma usianguke. Ni simulizi tamu, lakini mezani kwa afisa simulizi tupu halitoshi. Yeye atauliza: mti ulisimama wapi hasa? Nani alisimulia habari zake, naye alizisikia kwa nani? Kwa hiyo mketishe mzee, umrekodi kwa ruhusa yake, uandike jina lake, umri wake na tarehe. Usimkatize hata akizunguka. Jina la mwenye shamba la zamani mara nyingi hutoka kwenye mizunguko hiyo. Kisha tafuta mzee wa pili ambaye si wa ukoo mmoja na wa kwanza. Wakipishana, andika walivyopishana. Piga picha kutoka pande zote ukiweka fimbo au rula pembeni ionyeshe ukubwa.

Baadaye fuata ardhi, kwani hapo ndipo maombi mengi hukwama. Fanya sachi, yaani upekuzi wa hati, kwa msajili wa ardhi ujue hati ni ya nani. Mashamba mengi makubwa ya Ruiru yalinunuliwa na kampuni na vyama vya wananchi, yakakatwa viwanja. Ukiweza, itafute ramani ya kwanza ya ugawaji: mara nyingine utakuta mahali pako paliwekwa alama ya matumizi ya umma, ingawa leo pana ukuta wa mtu. Kama ni pa mtu binafsi kweli, mwendee kabla ya kuandika barua. Tangazo likitoka kwenye Gazeti Rasmi ana nafasi ya kupinga, na mwenye ardhi aliyeshtukizwa hupinga kwa nguvu zote.

Barua iende kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi, na nakala kwa idara ya utamaduni ya Kaunti ya Kiambu, chifu na mwakilishi wa wadi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hukupeleka kitu. Kimya kikizidi, omba habari za ombi lako kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Na ukiona bango la kubadilisha matumizi ya kiwanja, usilipite tu. Peleka pingamizi la maandishi kaunti ndani ya siku zilizotajwa pale.

Sasa pesa. Minara yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu. Makumbusho na shughuli za utamaduni za mtaani ni za kaunti. Usingoje mkutano wa bajeti wa mwisho ndipo unyanyue mkono. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Jambo lisilokuwa kwenye mpango wa Septemba ni vigumu kulipenyeza Aprili, hata ukiwa na basi zima la wazee. Nendeni mkiwa kikundi kilichosajiliwa, na muombe vitu vidogo vyenye bei: ua, kibao, mlinzi wa usiku. Ukiomba kituo kikubwa cha utamaduni utapigiwa makofi ukumbini na kusahauliwa ofisini. Ua wa waya wenye nukuu za bei kutoka kwa mafundi watatu ni vigumu zaidi kuukataa.