Kishazi Rejeshi katika Madai ya Hataza

Mwaka 1958, Maurus C. Logan aliomba hataza nchini Marekani kwa mkanda wa kufungia nyaya za ndege. Mkaguzi akipokea leo dai la "kishikio cha nyaya chenye mkanda wa meno na ulimi unaouruhusu kwenda mbele tu", atalikataa. Kifaa hicho kimejulikana kwa miongo mingi. Mwombaji hulazimika kuongeza kishazi rejeshi: ulimi "uliogawanyika", "unaobonyezwa". Kila kishazi hulitenga dai na vifaa vilivyotangulia, na papo hapo huufinya ulinzi, kwani mshindani asiyetumia sifa hiyo hashikiki. Hapa sarufi ni mali. Aidha, "chenye" huacha nafasi ya viungo vingine. "Chenye hivi tu" huifunga. Mfasiri akidondosha "tu", amehamisha mpaka.