Anza na Nafsi Yako

Ziko nyumba nyingi za Wakristu ambazo hazina ugomvi, wala hazina urafiki. Mume na mke huzungumza juu ya karo, unga na kodi ya nyumba. Hayo yakiisha, hunyamaza. Ukimwuliza mume, atasema mkewe ana maneno makali. Ukimwuliza mke, atasema mumewe hana nafasi naye. Kila mmoja angoja mwenzake aongoke kwanza; kwa hiyo miaka hupita, wala hakuna aongokaye.

Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza kuwa Watakatifu Louis Martin na mkewe Zélie, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Hawakuwa watawa wala mashahidi wa dini. Louis alikuwa fundi saa, Zélie alitengeneza lesi za kuuza, katika mji wa Alençon, Ufaransa. Walioana mwaka 1858, wakajaliwa watoto 9, wakazika 4 wangali wadogo. Tabia zao hazikufanana: Louis alipenda utulivu, Zélie alikuwa mwepesi wa kutenda na wa kuhangaika. Lakini barua za Zélie zaonyesha jinsi alivyofurahi kuwa na mume huyo. Mwaka 1870 kazi ya lesi ilipokuwa imekua, Louis aliacha duka lake la saa amsaidie mkewe. Mwenye kiburi angeona aibu. Yeye aliifanya kazi ya mkewe kuwa yake.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Kila siku alfajiri walikwenda Misa pamoja. Mtu apigaye magoti kwa unyofu mbele ya Mungu huona kwanza dhambi zake mwenyewe, si za jirani. Na ajionaye mkosefu hawi mwepesi wa kumhukumu mwenzake. Hapo ndipo urafiki wa ndoa huota mizizi: imani humfundisha mtu kujirekebisha, na mtu anayejirekebisha hupendeka.

Basi, wazazi wapendwa, jaribuni mambo matatu. Kwanza, salini pamoja kila jioni, hata kama ni fumbo moja tu la Rozari. Pili, tengeni saa moja kila juma ya kuzungumza, wala msitaje fedha wala makosa. Ulizaneni habari za moyo. Tatu, kila mmoja achague kasoro yake moja, kama vile hasira, pombe, manung'uniko, au kuficha mshahara, apigane nayo mwezi mzima, na kuipeleka katika Kitubio. Asimchagulie mwenzake. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini msikosee: uvumilivu si kuficha mapigo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yamruhusu mwenye ndoa kuondoka, ikiwa mwenzake amhatarisha sana yeye au watoto. Anayepigwa atafute usalama, na amweleze paroko wake.

Ninyi wengine, msingoje. Leo jioni mume amwulize mkewe: "Mama, ni jambo gani langu linalokuumiza?" Kisha asikilize bila kujitetea. Kesho mke naye aulize hivyo. Neema ya Sakramenti mliyopokea siku ya arusi ingali nanyi, ifungulieni mlango.